Vioo vya Mrima: Pangani na Miji Mingine Midogo Mbele ya Kamera

Mwaka 1886, katika bandari ndogo ya Whitby, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, Frank Meadow Sutcliffe alisimamisha kamera yake ukingoni mwa maji akawapiga picha wavulana waliokuwa wakichezea mashua, uchi kama walivyozaliwa. Picha hiyo akaiita Panya wa Maji. Wakuu wa kanisa mjini walimlaumu kwa kuonyesha watoto wasiovaa nguo, lakini wapenzi wa picha waliisifu, na mwana wa malkia, yule aliyekuja kutawala kama Edward wa Saba, akaagiza nakala kubwa.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1888, bandari nyingine ndogo iliyokaa mlangoni mwa mto iliwaka moto wa vita. Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alitaka bendera ya kampuni yake ipepee Pangani, na watu wa mji wakamkatalia. Upinzani ukaenea Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja, ukiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, Bwana Heri wa Saadani na wengineo, mpaka Abushiri aliponyongwa hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1890 ikatoka Berlin albamu ya picha 83 za J. Sturtz, zikifuatana na maelezo ya J. Wangemann, juu ya nchi na watu wa pwani hii katika siku za vita na za manowari zilizoziba bahari. Kamera ya Sturtz ilifika Mrima ikiwa imeandamana na mizinga.

Nimeiweka miji hii miwili pamoja kwa makusudi. Whitby iko mlangoni mwa mto Esk, Pangani mlangoni mwa mto Pangani. Zote mbili zililishwa na samaki na mizigo ya majahazi, na zote mbili zilipitwa na bandari kubwa zaidi jirani. Kamera zilizozielekea zilikuwa za aina moja, na vioo vilivyowekwa ndani yake vilitoka katika viwanda vya aina moja. Hata hivyo mji mmoja umeachiwa picha za watu wanaojulikana kwa majina, wajukuu wao wakiwaonyesha kwa kidole, na mwingine umeachiwa picha za wapagazi, wanawake wa sokoni na vijana wa pwani wasio na majina. Ninachodai katika uhakiki huu ni kwamba maisha ya kila siku hubaki kwenye kioo kulingana na mtu ambaye mpiga picha analazimika kumrudishia picha yake. Pale ambapo picha inarudi kwa aliyepigwa, kioo humkumbuka mtu. Pale inaposafirishwa kwenda kwa mnunuzi wa mbali, kioo hukumbuka mandhari na mavazi, na mtu huwa sehemu ya mandhari hayo.

Kwanza tukielewe kioo chenyewe, maana si chombo kisicho na tabia. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alionyesha namna ya kupaka dawa kwenye bamba la kioo na kulipigia picha likiwa bado bichi. Kazi yote, kupaka, kupiga na kuosha, ilibidi imalizike kabla dawa haijakauka, kwa hiyo mpiga picha alitembea na chumba chake cha giza kila alikokwenda. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox akaleta wazo la utando mkavu wa gelatini wenye chumvi za fedha, na kufikia miaka ya 1880 vioo vikavu vilikuwa vikiuzwa katika maboksi, tayari kwa kutumika. Badiliko hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kioo kibichi kilimlazimu mpiga picha akae mahali. Kioo kikavu kilimruhusu apite tu: ashuke chomboni asubuhi, apige mtaa na soko na mto, apande tena jioni, na kuviosha vioo vyake mji mwingine wiki kadhaa baadaye. Picha nyingi za miji midogo ya Mrima ni matunda ya uhuru huo wa kupita.

Kupita huko kulikuwa na faida yake, kwa kuwa pwani yetu haikuwa rafiki wa gelatini. Maji yakiwa vuguvugu, gelatini huvimba, hulegea, hata hubanduka kingoni mwa kioo. Wapiga picha wa nchi za joto walizoea kuosha usiku, maji yakiwa yamepoa, na kutia shabu ili utando ukaze. Ukishakauka, adui mwingine yupo tayari: unyevu wenye chumvi, na kuvu anayekula gelatini kama anavyokula ngozi ya kiatu kilichosahaulika uvunguni. Kioo kilichobaki Pangani bila kabati kavu kilikuwa na maisha mafupi. Kilichosafirishwa kwenda Ulaya kilihifadhika. Hii ni sababu mojawapo, tena ya kimaumbile kabisa, ya picha za Mrima kupatikana Frankfurt na Koblenz kwa wingi kuliko Tanga.

Kioo kina tabia nyingine, nayo humpotosha mtazamaji asiyeijua. Vioo vya zama hizo vilikuwa vipofu kwa rangi nyekundu, na rangi ya buluu viliiona kama weupe. Ndiyo maana mbingu za picha hizo ni tupu, hazina hata wingu, na bahari imepauka kama maziwa. Sasa fikiria kanga, vazi lililokuwa likienea pwani hasa katika miongo hiyo ya mwisho ya karne ya 19. Kisutu, kanga ya harusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mbele ya kioo kile nyekundu yake huungana na nyeusi, na bibi harusi mwenye nguo inayong'aa anatoka kama aliyejifunga kaniki. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa nao ulikuwa na shari yake: jua la saa sita likiupiga, mpiga picha aliyepima mwanga wake kwa ukuta alizipoteza sura za watu waliokaa kivulini barazani. Mtu anayetazama picha hizo leo na kusema kwamba mji ulikuwa wa huzuni, kimya na wa rangi moja, anasoma upungufu wa dawa na kudhani anasoma Pangani.

Tuje kwa wapiga picha wenyewe. Baada ya Sturtz walikuja wenye maduka. C. Vincenti alifanya kazi Dar es Salaam na kuuza picha za koloni. Walther Dobbertin, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki 1961, ndiye aliyeacha hazina kubwa zaidi: mitaa, masoko, mashamba, reli, askari, na hatimaye Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, huko Koblenz, na mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipotoa picha zipatazo 100,000 zitumiwe bila malipo kwenye intaneti, za Dobbertin zilikuwamo. Shirika la Kikoloni la Ujerumani nalo lilikusanya picha ambazo leo ziko katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, makumi ya maelfu yake, nyingi zikiwa vioo vya kuonyeshea ukutani kwa taa. Shirika liliviazimisha vioo hivyo kwa matawi yake, ili mwenye duka wa mji mdogo wa Ujerumani aketi gizani aone nakshi za milango na minazi ya Afrika Mashariki.

Huyo mwenye duka ndiye mteja wa picha. Mwanamke aliyepigwa akiwa na kapu lake hakuwa mteja, na hakupelekewa nakala. Kwa sababu hiyo maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yalimtosheleza mnunuzi: mwanamke wa Kiswahili, Mwarabu, wapagazi, soko la samaki. Mjerumani akiwamo pichani, mara nyingi ana jina na cheo. Simtuhumu Dobbertin kwa chuki. Jicho lake ni zuri, anajua kusubiri, na baadhi ya picha zake za mitaani zina uhai ambao sijauona kwa mwingine yeyote wa zama zake. Ila uzuri wa jicho haukuweza kuziba pengo la biashara. Mtu asiyetarajia kukutana tena na uliyempiga hana sababu ya kumuuliza anaitwa nani.

Sutcliffe alikuwa na sababu hiyo. Hakuzaliwa Whitby, alitoka upande wa Leeds, lakini alifungua studio pale, akaoa, akalea watoto, akazeeka. Kiangazi aliwapiga picha watalii, na hao ndio waliomlipia mkate wake. Muda uliobaki aliutumia bandarini miongoni mwa wavuvi. Wale wavuvi walimjua, walibishana naye, walimfanyia mzaha, na siku ya pili walikutana naye sokoni. Picha ikimfanya mzee wa mashua aonekane mjinga, Sutcliffe angelipa kwa kununiwa mwaka mzima. Naamini kwamba kuona aibu mbele ya jirani kulikuwa sehemu ya ufundi wake, sawa na kamera. Alipostaafu mwaka 1922 alikabidhiwa kazi ya kutunza makumbusho ya mji, jambo linaloonyesha ni kwa kiasi gani mji ulimhesabu kuwa wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Slobozia, mji mdogo wa Romania. Costică Acsinte, aliyezaliwa mwaka 1897, alifungua studio yake mwaka 1930 na kuiendesha hadi 1960. Aliacha negativu za kioo zipatazo 5,000: maharusi, askari wa likizo, wakulima waliovaa nguo za Jumapili, maiti waliozungukwa na jamaa kabla ya mazishi, mtoto aliyeshika gurudumu la baiskeli asiyoweza kuipanda. Hakuna aliyeletwa mbele ya kamera ile kwa nguvu wala kwa hila. Ukiwaacha maiti, ambao jamaa zao ndio walioagiza picha, kila mmoja alikuja kwa miguu yake, akachagua namna ya kusimama, akalipa, akaondoka na picha. Vilevile Heber Springs, jimbo la Arkansas nchini Marekani, ambako Mike Disfarmer aliwapiga watu wa mji na mashambani kwa bei ndogo. Alipokufa mwaka 1959 vioo vyake viliachwa ndani ya studio, na alivinunua mtu mmoja wa mji huo kwa dola tano. Miaka ya 1970 vikaokolewa karibu 3,000. Baadaye wanunuzi kutoka New York walikwenda nyumba kwa nyumba kununua nakala za zamani, na wakazikuta, kwa sababu kila familia ilikuwa nazo kwenye sanduku. Pangani mnunuzi wa namna hiyo angezunguka mji mzima asipate picha hata moja ya Dobbertin iliyorithiwa kutoka kwa bibi.

Hata hivyo nisingependa msomaji afikiri kwamba pwani yetu ilipigwa picha na wapita njia tu. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Unguja, palikuwa na studio tangu mapema. A. C. Gomes alianza kazi huko katika miaka ya 1860, na baadaye jina lake likafika pia Dar es Salaam. Ndugu Coutinho walifuata, na P. de Lord. Hawa walikuwa watu wa Goa, wageni wenye makao, na biashara yao ilikuwa na milango miwili. Mlango mmoja ulielekea gatini, ambako abiria wa meli walinunua postikadi za wachuuzi na wasichana waliosukwa nywele. Mlango wa pili ulielekea mjini, ambako mabwana wa majoho na vilemba, matajiri wa Kihindi, masharifu na watumishi wa ikulu waliagiza picha zao wenyewe na kuzitundika sebuleni. Kioo kilikuwa kile kile, mpiga picha yule yule, pazia la nyuma lile lile. Picha ya mlango wa kwanza haina jina, ya mlango wa pili inalo. Sihitaji ushahidi mwingine kwamba tofauti haikutokana na Uafrika au Uzungu wa mpiga picha, bali na nani aliyekuwa akingoja kurudishiwa picha. Desturi ile ya mlango wa pili ndiyo iliyorithiwa na Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kule Lamu na Omar Said Bakor, aliyecheza na negativu zake mpaka akamweka mtu ndani ya ua.

Mlango huo wa pili ulikuwa na kizingiti chake, nacho ni stara. Katika nyumba za Waislamu wa mwambao, sura ya mwanamke haikuwa kitu cha kuachiwa mgeni. Negativu ya kioo ni jambo la hatari kwa mtu anayejali hilo, kwa sababu mwenye kioo anaweza kuchapa nakala nyingine na nyingine, akamuuzia amtakaye, wakati mwenye sura hana habari. Watu wa pwani walilielewa jambo hilo vizuri. Kwa hiyo tunapotazama vioo vya Mrima na kukuta soko, gati, mto, uwanja wa ngoma, lakini tusikute ukumbi wa ndani, kitanda cha samadari, mwali aliyefichwa, mama wa makamo akikuna nazi uani, tusiharakishe kuuita upungufu. Sehemu yake ni mlango uliofungwa kwa hiari. Hapo Pangani na Slobozia haziko kwenye mizani moja: kule kila mtu alitamani kuonekana, huku kutokuonekana kulikuwa ni heshima. Wale wanawake waliojazwa kwenye postikadi walikuwa aghalabu ndio wasiokuwa na uwezo wa kufunga mlango, wengi wao watumwa au watoto wa watumwa. Mhakiki anayesahau hilo anaweza kuzisifu picha hizo kwa uwazi wake bila kuuliza ni nani aliyenyimwa pazia.

Kama Mrima haukuwa na Sutcliffe wake, ulikuwa na nini? Ulikuwa na watunga tenzi na waandishi, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa upande wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima, vita vile vile vilivyomleta Sturtz na kamera yake. Utenzi huo ni wa mwaka 1307 wa Hijria, yaani 1889 hadi 1890, na albamu ya Berlin ni ya 1890. Zitie kazi hizi mbili mkononi mwako pamoja. Moja ina kuta, vyombo na watu waliosimama kimya. Nyingine ina majina, maneno waliyoambiana, nani alikataa, nani alisita, barua ilikotoka na ilikokwenda. Mshairi alikuwa akiwatungia watu waliomjua Abushiri kwa sura au kwa sifa, na wasikilizaji hao wangemrudi papo hapo kama angekosea jina la mtu au ukoo. Yeye naye alikuwa na yule anayepaswa kurudishiwa. Kwa kigezo nilichokiweka mwanzo, Hemedi ni ndugu wa Acsinte kuliko Sturtz, ingawa hakuwahi kushika kioo.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, upande wa Bagamoyo. Tangu mwaka 1900 alifundisha Kiswahili mjini Berlin, na mwaka 1903 kikachapwa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kubeba kwa sehemu kubwa kazi ya Mtoro. Humo mna harusi, uzazi, unyago, ngoma, mavazi, vyakula, madeni, safari, mazishi. Yale mambo ya ndani ambayo kioo kilikatazwa kuyaona, Mtoro anayaeleza kwa adabu ya mtu anayejua nini kisemwe na nini kiachwe. Kalamu yake inapita kizingiti bila kumvunjia mtu heshima, kwa sababu inaeleza desturi bila kumwanika mwanamke fulani. Alipotaka kurudi nyumbani mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni iliwakatalia kuishi nchini, na wakarejea Ujerumani. Huko alikuja kuzunguka akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Inaniuma kila ninapolifikiria: vioo vya pwani yetu vikionyeshwa ukutani katika kumbi za Ujerumani, na mtu mmoja aliyeweza kuvipa majina na maana akiwa katika nchi hiyo hiyo, naye hakuna aliyempa kazi ya kuketi navyo na kuviandikia maelezo.

Tuongeze sauti ya tatu. Tangu mwaka 1904 lilichapwa Tanga gazeti la Kiongozi, likiandikwa kwa Kiswahili na walimu na makarani waliosomea shule za serikali ya Kijerumani. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema yale ambayo serikali iliyapenda, lakini ndani yake zimo habari za miji zilizotumwa na watu waliokuwa wakiishi katika miji hiyo. Ni miaka ile ile Dobbertin alipokuwa akipiga picha. Mtu akiliweka gazeti hilo kando ya picha, mwaka kwa mwaka, mji kwa mji, mtaa uliokuwa kimya huanza kusema.

Hivi ndivyo napendekeza vioo hivi visomwe: utenzi, desturi na gazeti vikiwa wazi mezani, kila kimoja kikisahihisha kingine. Maneno peke yake yana udhaifu wake. Mtoro hakusema baraza la nyumba lilikuwa na kina gani, wala vumbi la mtaani lilifika kifundo gani cha mguu, wala mbwa alilala wapi saa sita. Kioo huyaokota yote hayo bila kuchagua, hata yale ambayo mpiga picha hakuyakusudia. Kwenye picha ya shamba la mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta Kikogwe jirani na Pangani mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalia kati ya 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, mpiga picha alitaka kuonyesha mistari iliyonyooka na faida ya koloni. Kioo kinaonyesha pia miguu iliyo peku katikati ya miiba. Hakuna aliyeagiza hilo, nalo limebaki.

Kioo kinaweza hata kumgeuka aliyekituma. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwaka 1904 baba mmoja aitwaye Nsala, aliyeketi akiangalia mkono na mguu uliokatwa wa binti yake, Boali. Picha hiyo ilizungushwa Uingereza na Marekani kwa vioo vya taa, aina ile ile iliyotumiwa kusifia koloni, ikasaidia kuuaibisha utawala ule. Harris aliuliza majina. Tunawajua Nsala na Boali kwa sababu mtu mmoja alisimama na kuuliza, na nguvu ya picha hiyo ingepungua nusu kama ingeitwa mwanamume wa Kongo.

Sasa Pangani. Mji ulidumaa baada ya reli ya Usambara kuanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mizigo ikahama, na kudumaa huko kukaziokoa kuta zake. Nyumba za Kihindi zenye roshani, milango ya nakshi, Boma, ukingo wa mto unaotazama Bweni ambako kivuko huenda na kurudi: vingi vya vitu hivyo vimesimama pale vilipokuwa wakati wa Wajerumani, ingawa vimechoka. Ni miji michache ya Tanzania ambamo mtu anaweza kusimama na nakala ya picha ya zaidi ya miaka mia mkononi, akalinganisha dirisha kwa dirisha. Nafasi hiyo haitadumu. Kuta za matumbawe zikikosa chokaa huanguka kila masika, na daraja na barabara ya pwani vinavyojengwa vitaleta thamani mpya ya viwanja, na viwanja vyenye thamani havivumilii magofu.

Kwa sababu picha za Dobbertin zimekwisha kufunguliwa, hatuhitaji kusubiri mazungumzo ya serikali mbili ndipo tuanze. Uganda kuna watu waliothubutu: mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, hukusanya picha zilizomo majumbani mwa watu, huziskani, huzirudisha kwa wenyewe na kuzitoa vitabuni pamoja na maelezo yao. Mwalimu wa historia wa sekondari ya Pangani mwenye simu na mashine ya kuchapa ya shule anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo muhula huu. Achape picha za miji ya Mrima, azipeleke barazani baada ya alasiri, aulize: kisima hiki kilikuwa cha nani, mti huu ulikatwa lini, jahazi la tanga namna hii liliitwaje, nyumba hii walikaa akina nani kabla ya hawa. Wazee wa leo hawatawatambua watu wa mwaka 1908 kwa sura. Watayatambua majina ya nyumba, koo, mashamba na bandari, na kwa njia hiyo watu wa pichani watarudi kwenye mitaa yao. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na yatumwe kule picha zilikohifadhiwa, yawekwe chini ya picha mahali palipoandikwa aina ya mtu tu.

Na wenye masanduku ya marehemu, wawe Pangani, Tanga au Unguja, watazame vizuri kabla ya kutupa. Kioo chembamba chenye upande mmoja wa kung'aa na upande mmoja uliofifia, kikielekezwa dirishani kikaonyesha sura nyeupe mahali pa nyeusi, ni negativu. Kisioshwe, kisifutwe kwa kitambaa wala kwa mafuta. Kishikwe kingoni, kifungwe kila kimoja kwa karatasi safi, na visimamishwe wima mahali pakavu badala ya kulaliana. Kikiwekwa mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, simu ya kawaida inatosha kukitolea nakala, na nakala hiyo ipelekwe Makumbusho ya Urithi, katika Boma la zamani la Tanga, pamoja na majina yote ambayo familia bado inayakumbuka.